Sauti ya Pikipiki ya Senkondo

Kila mkikaa zaidi ya wawili mnanitaka niseme habari ya ile pikipiki, kana kwamba mimi sina maharage ya kuchambua. Haya, nitaisema leo, tena mara moja. Atakayesinzia, shauri yake.

Mtu mmoja alikuwa na mikono isiyotulia. Aliitwa Elisaria, fundi cherehani, na tangu utoto hakuona kitu kilichofungwa asitake kukifungua. Saa ya ukutani aliifungua. Redio ya mkwewe aliifungua, ikarudi kwa mwenyewe inaongea vizuri, ila vipande viwili vilibaki mezani na hakuna aliyejua vya nini. Mkewe alikuwa akimficha pasi.

Mjomba wake akamwachia pikipiki iliyokufa. Ilikuwa ya zamani, zile za kuchanganya oili na petroli kwenye tangi moja, zenye moshi wa buluu na mlio wa nyuki waliochokozwa. Mlimani kwetu zilikuwa zimebaki mbili tu. Hiyo ya Elisaria ilikuwa imelala zizini miaka mingi, kuku wakitagia kwenye kiti. Ya pili ilikuwa ya marehemu Senkondo, mganga wa ng'ombe. Mjane wake, Namkunda, alikaa nyumba ya tatu kutoka kwa Elisaria, na aliiweka bandani chini ya kitenge. Haikuwashwa tangu mazishi. Kila Jumamosi aliifuta vumbi, akaifunika tena.

Elisaria alianza na mambo ya nje. Alikata madigadi yakawa mafupi, akainamisha usukani, akashona kiti kwa ngozi ya koti kuukuu, tangi akalipaka rangi ya damu ya mzee. Watu wakaacha kuja kupima nguo, wakaja kutazama. Ikawa nzuri kuliko mwenye nayo. Ila ilikuwa bubu. Alipiga kiki mpaka kisigino kikavimba. Ndani yote ilikuwa kutu, na vipuri vya umri ule havikuwako tena. Muuza vipuri wa mjini alimcheka, akamwambia akaombe kwa waliokufa.

Msidhani alikuwa na haraka ya kwenda mahali. Hakuwa na pa kwenda. Alitaka kujua tu, kitu kile kikiwaka kitasemaje. Alikula akiwaza hivyo, alikata suruali za watu akiwaza hivyo, nyingine zikatoka fupi.

Basi akaenda kwa Namkunda kwa heshima zote, akamwomba aitazame ile ya mzee, ajifunze kipande gani kinakaa wapi. Kutazama tu. Namkunda akampa kigoda. Na kwa kuwa Alhamisi ilikuwa siku yake ya gulio, akamwachia ufunguo wa banda, akamwambia akimaliza kutazama auweke chini ya kinu.

Alhamisi ya kwanza alitazama. Alhamisi ya pili alifungua kabureta aione, akaiona safi kama kijiko cha wageni, na mikono ikakataa kuirudisha. Mahali pake akafunga ile yake iliyooza. Alhamisi ya tatu akachukua pistoni na ringi zake. Ya nne, silinda. Ya tano, ekzosi. Kila alichotoa alikirudishia mwenzake mfu, akafuta alama za vidole, akafunika kitenge vilevile, pindo la maua likitazama mlango. Neno kuiba halikumpita mdomoni wala moyoni. Alijiambia wanabadilishana. Ile ya mzee haiendi popote, alijiambia, na haijabaki na pengo hata moja. Kisha Jumamosi ikafika, na yeye yuko kwenye cherehani yake barazani, akamwona Namkunda anakwenda bandani na kitambaa chake kuzifuta takataka zake yeye Elisaria. Alitazama kidogo. Akaendelea kushona.

Siku ilipotimia alichanganya petroli na oili kwenye jagi, akamimina, akapiga kiki. Ikawaka. Alicheka peke yake uani kama mtu aliyepewa mtoto. Akaipanda, akashuka nayo mpaka kwenye josho la ng'ombe, akageuka kuupanda mlima. Pale kwenye kona ya josho, alipopunguza moto, pikipiki ikakohoa mara mbili, ikanyamaza kidogo, kisha ikashika mlima. Akaona ni kitu cha ajabu. Kesho yake akarudia ili aisikie tena, na kesho kutwa tena.

Asichokijua ni kwamba kikohozi kile kilikuwa na mwenyewe. Miaka thelathini Namkunda alikisikia saa ya jioni, mara mbili, kimya, kisha mlima, naye akajua ni wakati wa kusonga ugali. Alikuja kuyasema haya baadaye mbele ya balozi wa nyumba kumi: kwamba siku ya kwanza alisimama akabandika maji motoni kabla hajakumbuka kuwa ni mjane. Akayaepua. Siku ya pili akabandika tena. Siku ya tatu hakubandika. Alijifunga kanga akaenda kwa Elisaria.

Aliwakuta wateja wanangoja. Hakupaza sauti. Alilishika lile tangi jekundu kama unavyomshika paji la uso mtoto mwenye homa, akasema:

"Elisaria, mume wangu anafanya nini ndani ya pikipiki yako?"

Elisaria akaanza kusema kwamba mama, alikuwa anatazama tu. Mkasi ulikuwa mkononi na hakujua auweke wapi.

Wakaenda kwa balozi. Balozi akauliza ni kitu gani kimepungua kwa mama huyu. Elisaria akajibu kweli tupu, kwamba hakijapungua kitu, nenda uhesabu, kila kipande kipo mahali pake. Watu wakacheka. Namkunda hakucheka. Ikaamuliwa arudishe kwa mikono yake, mchana, mbele za watu, akitaja jina la kila kipande na Alhamisi aliyokichukua, na kwanza akioshe, maana kimetumika.

Akarudisha. Akataja. Nusu ya mlima ilikuwa pale, na mkwewe wa redio amekaa mbele. Sasa, kwenye kabureta kuna skrubu ndogo ya hewa, ambayo Senkondo aliitega mwenyewe kwa sikio lake, na kile kikohozi kikatoka hapo. Kila anayeshika bisibisi anajua kwamba kabla ya kuitoa unaikaza polepole ukihesabu mizunguko, ili uweze kuirudisha ilipokuwa. Elisaria alijua. Alipokuwa akiiba hakuigusa kabisa. Lakini siku ile ya kuosha, macho ya watu mgongoni, aliitoa bila kuhesabu.

Alasiri kila kitu kilikuwa mahali pake. Akapiga kiki ya kwanza, ile ya mzee ikawaka. Akashuka josho, akageuka kwenye kona, akapanda. Mlio ulitoka safi, mmoja, bila kukatika, kama wa pikipiki mpya. Watu wakapiga makofi. Namkunda alisimama mlangoni ameinamisha kichwa upande. Akasema huyo anayepanda mlima, yeye hamjui.

Balozi akamwambia, mama, vipande vyote vimerudi. Namkunda akamjibu kwamba hata juzi vyote vilikuwapo. Balozi akafunga daftari.

Tangu hapo kila Jumamosi Elisaria anaacha cherehani, anachukua bisibisi, anakwenda kwa Namkunda. Anaizungusha ile skrubu unywele mmoja, anashuka josho, anapanda. Namkunda anasikiliza. Anatikisa kichwa. Wanaagana. Ni mwaka wa kumi na moja huu, na Elisaria ameota mvi. Ile yake nyekundu imerudi zizini, haina kitu tumboni, na kuku wamekikubali kiti kipya. Wapo wanaosema kwamba mwaka wa pili tu ile ya mzee ilikwisha kukohoa mara mbili vizuri kabisa pale konani, na Namkunda akatikisa kichwa vilevile. Elisaria naye aliisikia. Hakuuliza. Katika maisha yake yote hicho ndicho kitu kimoja kilichofungwa ambacho hakuthubutu kukifungua.

Na wewe uliyechukua kizima cha mwenzio ukaacha kibovu mahali pake, ulihesabu mizunguko? Elisaria hakuhesabu. Alilipa Jumamosi zake zote, na hii inayokuja pia ni ya Namkunda.