Watatu Waliomwondoa Mwenyekiti

Sogeeni karibu. Anayependa kuhukumu haraka akae nyuma, maana hadithi hii itamchosha.

Katika nchi moja ya Ulaya, yenye mvua nyingi na makanisa mengi, palikuwa na chama cha siasa cha mrengo wa kulia, ule wa wastani. Kilizaliwa baada ya vita, katika ukumbi wa parokia, kikaanzishwa na wakulima, wenye maduka na watu wa sala walioogopa mageuzi ya ghafla. Desturi yake ilikuwa hii: mwenyekiti hapigiwi kura ya kuondolewa. Huondoka mwenyewe, na akiondoka humtaja mrithi wake, mkutano mkuu ukaitikia.

Mwenyekiti Konrad Brandhof alikaa miaka kumi na tisa, akawainua watu watatu chamani. Lorenz alijaliwa kumbukumbu: alijua jina la kila mjumbe, na la mbwa wake. Dietmar alijaliwa ulimi. Hedwig alijaliwa kuaminiwa. Mtu akikaa naye dakika tano, alimwambia asiyomwambia padri.

Kisha chama kikashindwa uchaguzi mara tatu mfululizo.

"Wananchi wamekosea," alisema mzee.

"Kila baada ya miaka minne, Mwenyekiti?" Dietmar akamtania.

Mzee hakucheka.

Lorenz ndiye aliyeanza. Alizunguka mikoa yote kumi na miwili, akaketi sebuleni mwa wajumbe, akauliza habari za mbwa, akarudi na saini za wajumbe mia mbili na kumi, kati ya mia tatu, za kumtaka mzee aondoke. Bila saini zile pangekuwa na manung'uniko tu.

Lakini zilikaa mkobani, kila aliyesaini akimwogopa mwenzake. Ndipo Dietmar aliposimama mkutanoni, akamtazama mzee usoni, akasema: "Tunakupenda, Mwenyekiti, lakini ukibaki tunakufa pamoja nawe." Mtu mmoja akapiga makofi, kisha wote. Bila maneno yale, saini zingeozea mkobani.

Mzee akaapa kwamba ni afadhali akipasue chama vipande viwili kuliko kuondoka, na watoto wa waasisi walikuwa upande wake. Asubuhi ya Alhamisi Hedwig akaenda kwake, kama alivyozoea kila Alhamisi. Akamkuta jikoni anamenya viazi.

"Umekuja kuniunga mkono, binti yangu?" akauliza mzee, aliyempenda kama mwanawe.

"Nimekuja kukwambia kwamba hata mimi nimesaini."

Kisu kikasimama. "Wa ngapi?"

"Wa kwanza."

Mzee akamaliza kukimenya kiazi kile, taratibu, bila kuinua macho. "Basi nikipigana, nitapigana na nyumba yangu mwenyewe," akasema. Kesho yake akatangaza kwamba anaondoka. Chama kikabaki kimoja, lakini Hedwig hakuweza tena kula viazi.

Siku ya kumtaja mrithi ikafika. Wajumbe wakiwa wamejaa ukumbini, mzee akawaita wale watatu katika chumba cha nyuma ya jukwaa. Mezani palikuwa na karatasi na kalamu.

"Mliyoyafanya nayajua, bado yananiuma," akasema. "Kila mmoja aniambie kwa nini asipewe kiti hiki."

Lorenz akaangalia viatu vyake. "Nilianza kuwahesabu wajumbe watakaokupinga mwaka ule ule uliposimamia harusi yangu, Mzee."

Dietmar, kwa mara ya kwanza, akatafuta maneno. "Yale makofi niliyafurahia. Ulikuwa umeinamisha kichwa, nami nikatamani yasiishe."

Hedwig alikuwa ameandaa kosa dogo la kusema. Akaliacha. "Nilipobisha hodi kwako," akasema, "nilikuwa tayari nakitaka kiti chako."

"Hata kwenye kutubu anatushinda!" Dietmar akanong'ona.

Hedwig akaona haya, kwa kuwa ilikuwa kweli: alikuwa bado anakitaka, hata sasa, na hakujua kama amesema ukweli ili kutua mzigo au ili apewe.

Mzee akawatazama mmoja mmoja. "Mlikuwa na haki, nyote," akasema. "Na mlinikosea, nyote." Akashika kalamu.

Huko ukumbini wajumbe wameanza kugonga meza, na karatasi ina nafasi ya jina moja. Haya, ninyi mliokuwa mkisikiliza: kalamu ile ingekuwa mkononi mwako wewe, ungeandika jina la nani?