Wakili wa Dobi

Wapendwa, kaeni vizuri. Mimi shule niliachana nayo mapema, lakini mambo ya mahakama niulizeni mimi. Wapo mawakili wanaonipigia simu. Mmoja alipiga mwezi jana, ingawa alikuwa amekosea namba.

Basi palikuwa na mfanyabiashara wa mbao aliyetaka kujenga gesti karibu na stendi. Akapata kiwanja, akapatana bei na muuzaji, na fedha zake zote alizochuma maishani akazikabidhi kwa wakili wake, azishike mpaka hati ibadilishwe jina. Shida ilikuwa moja: kiwanjani aliishi dobi na familia yake. Muuzaji alisema huyo ni mvamizi tu, atatoka. Dobi akasema hatoki, kiwanja alikwishakinunua kwa muuzaji huyohuyo, na hana pengine pa kulaza watoto.

Mfanyabiashara akacheka. Dobi na kesi wapi na wapi? Atanyoosha mashati ya nani hadi apate ada ya wakili?

Siku ya kesi ya kumtoa kiwanjani, dobi akaingia na wakili. Binti mwembamba, viatu vimeisha visigino, lakini akifungua mdomo hakimu anaacha kupiga miayo. Kesi ikiahirishwa, anarudi. Ikiahirishwa tena, anarudi. Mfanyabiashara akakosa raha. Akamwendea wakili wake, akasema lazima dobi ana mtu nyuma yake, tajiri fulani mwenye wivu, na akimjua atamkomesha.

"Unataka kweli kumjua?" wakili akauliza.

"Nitajie jina tu."

"Ni wewe, mzee."

Sasa nisikilizeni, hapa ndipo hata wenye digrii hupotea. Katika nchi ya mfano wangu, fedha za wateja zinazoshikwa na mawakili hukaa benki, na zikikaa huzaa riba. Msinikunjie uso, ni mfano. Riba ya mteja mmoja ni kitu kidogo, na wakili haruhusiwi kuila. Kwa hiyo sheria inasema riba za wote zikusanywe kwenye mfuko mmoja, na mfuko huo utoe ruzuku za kuwalipa mawakili wa watu wasio na kitu. Yule binti alilipwa humo, na riba ya mfanyabiashara wetu nayo ilikuwa humo.

Alipoelezwa hayo, hakuketi tena. Akafoka kwamba fedha yake mwenyewe inamtafuna, na akataka muuzaji alipwe leo hii, kesi iwe imeisha au haijaisha.

"Subiri hukumu, mzee," wakili akamwambia. "Zikishafika kwake, mimi siwezi kuzirudisha."

Akasubiri, amenuna.

Basi yule binti akaleta mashahidi waliomwona dobi akinunua. Halafu akamleta mama mmoja wa sokoni, naye kauziwa kiwanja hichohicho na muuzaji huyohuyo, kalipa mkononi, hajaona hati wala fedha yake tena. Siku ya hukumu muuzaji hakutokea, na simu yake haikupatikana. Dobi akabaki na kiwanja chake. Mama wa sokoni akaenda zake na mkoba mtupu. Mfanyabiashara akaondoka na fedha zake zote, nzima.

Mnadhani alimshukuru yule binti? Alimfuata hadi mlangoni, akamwuliza riba yake atarudishiwa lini.

Mnacheka. Mnamcheka nani? Juzi wazee wa kanisa walinijia, sitawataja, maana wamekaa mbele na mmoja kavaa tai nyekundu. Walisema mfuko wetu wa kuwasaidia wenye kesi wasio na wakili ufungwe, fedha zikapake kanisa rangi, kwa sababu wengine tunaowasaidia si washarika, na mmoja anashtakiana na ndugu yetu wa humu humu. Sisi hao! Tunaona haki ya mwingine ni hasara yetu. Nani kati yetu anamjua leo mtu atakayemdanganya kesho? Mimi simjui, na ninajua mengi. Yule tunayemlipia wakili anaweza kuwa ndiye pekee anayemjua tapeli huyo, naye anahitaji mtu wa kumsemea mbele ya hakimu kabla sisi hatujatoa fedha zetu mfukoni.

Kikapu kinapita sasa. Ni cha wakili. Kuta mtazivumilia zilivyo.