Sufuria Mbili za Pimbi

Paukwa!

Pakawa!

Jiko lilikuwapo?

Lilikuwapo!

Na moto?

Uliwaka!

Na wa kuuota?

Mmoja tu!

Basi huyo mmoja alikuwa Pimbi, mjane wa kule majabalini. Mnamjua pimbi: kinyama kidogo, mkia hana, masikio ya maana hana, meno ya kumtisha mtu hana. Mumewe alinyakuliwa na tai siku za mvua za vuli. Majirani walikuja msibani, wakala, wakafuta midomo, wakaenda zao. Tangu siku hiyo hakuna mguu uliokanyaga mlangoni pake. Sipambi, nasema kama ilivyokuwa.

Pimbi alikuwa na sufuria mbili: kubwa ya sima, ndogo ya kunde. Walipokuwa wawili, sufuria mbili zilikuwa chache. Alipobaki mmoja, sufuria mbili zikawa nyingi. Lakini mkono una mazoea yake. Kila siku alisonga sima ya wawili, na kila siku akamwaga ya mmoja.

Siku moja akasonga, akapakua, akaitazama ile sahani ya pili, hasira zikampanda. Hasira za kumkasirikia nani? Hata yeye hakujua. Sufuria kubwa ingali ya moto, akaichukua ile ndogo, baridi, haijapikiwa tangu juzi, akaitumbukiza ndani ya kubwa na kuikandamiza kwa magoti yote mawili.

"Haya, kaeni pamoja, nyinyi mlio wawili!"

Kubwa ikapoa. Ilipopoa ikanywea, na iliponywea ikaikumbatia ndogo.

Asubuhi Pimbi akavuta. Ng'wi! Zikakataa. Akagonga ukingoni kwa jiwe, ng'o! ng'o! Zikakataa. Akazikalia, akalia kidogo. Zikakataa vilevile.

Akaenda kwa Kanga.

"Shoga, sufuria zangu zimekwama. Njoo tuvute wawili."

"Shoga yangu, nimelalia mayai. Mwite Nyegere."

Akaenda kwa Kima.

"Kaka, sufuria zimekwama. Njoo tuvute wawili."

"Dada, bega hili, wee acha tu. Mwite Nyegere."

Akaenda kwa Kobe.

"Babu, sufuria zimekwama. Njoo tuvute wawili."

"Mjukuu wangu, mpaka nifike kwako utakuwa umeshaota mvi. Mwite Nyegere."

Nyegere ndiye aliyekuwa fundi wa vyombo vilivyokwama. Kucha ndefu, mabavu tele, na ngozi imemlegea mwilini kama kanzu ya kuazima. Sheria yake ilikuwa moja: "Nikitenganisha, cha ndani changu. Nikishindwa, vyote vyangu, maana wewe vya nini tena?" Hivyo ndivyo alivyoondoka na sufuria ya Kanga, na bakuli la Kima, na sinia la Kobe. Shimo lake lilijaa vyombo mpaka mlangoni, na mwenyewe hapiki hata maji. Asali anaila kwa mkono. Tamaa tu.

Pimbi akarudi kwake, akaketi kwenye jiwe la mlango. Mtu wa peke yake huangalia vitu. Hana mwingine wa kumwangalia. Akaliangalia lile jiwe. Jua la mchana likiliwakia, jiwe linavimba, linaubana mlango hata unyoya haupiti. Alfajiri likiwa baridi, linalegea, unalisukuma kwa pua. Cha moto kinatanuka, cha baridi kinanywea. Akageuka kuzitazama sufuria.

"Kumbe!"

Angeweza kuzitenganisha saa ileile, alasiri ileile. Lakini akawaza: nikizitenganisha, nitapika. Nikipika, nitakula. Nikila, nitaosha. Halafu?

Akaenda akatoa asali yake ya mwisho, kijiko kimoja, akaipaka chini kabisa ya ile sufuria ndogo. Kisha akapanda juu ya jabali, akaita kwa sauti yake yote:

"Nyegereee! Njoo bwana, sufuria zimekwama!"

Huyo! Dubwi, dubwi, dubwi. Hakupiga hodi. Akaingia, akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Mbona pako kimya hivi, mjane? Ziko wapi?"

"Karibu kwanza, Bwana Nyegere. Kaa kidogo, pumzika."

"Kukaa! Nimekuja kukaa mimi? Sheria unaijua?"

"Naijua. Ukitenganisha, cha ndani chako. Ukishindwa, vyote vyako."

"Safi. Sogea huko."

Nyegere akavuta. Ng'wi! Zikakataa. Akaweka mguu ukutani, akavuta. Ng'wiii! Zikakataa. Akavuta mpaka akatoa mlio mwingine, ila watoto wamo humu, siutaji. Zikakataa.

"Basi," akasema akihema, "nimeshindwa. Nachukua zote."

"Chukua, bwana. Sheria ni sheria. Ila ungeniachia nilambe kwanza ile asali iliyogandia mle ndani."

Nyegere akasimama. "Asali?"

"Kidogo tu. Ya kwangu mimi, mjane."

"Vyote vyangu, nimesema. Na asali si imo ndani ya vyote?" Akaingiza pua. Mmh! Akaingiza paji. Mmh! Asali ilikuwa chini kabisa, naye akasukuma, ngozi yake ile ya kanzu ikajikunja nyuma ya masikio, kichwa kikaingia chote, chop!

Akalamba. Akamaliza. Akavuta kichwa. Ng'wi!

Akavuta tena. Ng'wi! Ngozi imejirundika, haitoki. Akatembea, akajigonga ukutani, ng'o! Akageuka, akajigonga mlangoni, ng'o!

"Pimbi!" Sauti ikatoka kama ya mtu aliye kisimani. "Nivue!"

"Mimi? Nina nguvu gani mimi? Vuta wewe, fundi."

"Nimevuta!"

"Umeshindwa?"

Akajigonga mara nyingine, ng'o! Kisha, polepole: "Nimeshindwa."

"Basi nitakutenganisha mimi. Lakini niambie, sheria inasemaje? Anayetenganisha anachukua nini?"

"Cha ndani."

"Na ndani ya sufuria kubwa mna nini?"

"Mna ndogo."

"Na ndani ya ndogo?"

Nyegere akajipapasa shingo, akagusa bati. Chozi halikuonekana, lakini lilisikika likidondokea kwenye bati, ti!

"Mna mimi," akasema.

"Basi wewe ni wangu. Utanichotea maji, utanikatia kuni, mpaka meno yako yaishe."

"Mama wee! Pimbi, dada yangu, chukua kitu kingine!"

"Nitachukua vyombo vyote vilivyomo shimoni mwako. Kila kimoja kirudi kwa mwenyewe."

"Vyote?"

"Nikuache humo?"

"Vyote! Vyote!"

Pimbi akachoma mawe motoni mpaka yakawa mekundu. Mlangoni pake palikuwa na kishimo katika mwamba, kimejaa maji ya mvua. Akayatumbukiza mawe humo. Chwaaa! Maji yakachemka. Akamshika Nyegere mkono, akamwinamisha, sufuria kubwa ikaketi ndani ya maji ya moto. Kisha akammiminia maji ya baridi shingoni, yakapenya ndani mpaka puani.

"Nakufa maji!"

"Hakuna aliyekufa kwa kikombe kimoja. Tulia."

"Nje pana moto! Ndani pana baridi!"

"Ndiyo dawa yenyewe. Kubwa inatanuka, ndogo inanywea. Hesabu mpaka kumi."

"Sijui kuhesabu!"

"Basi taja vyombo vya watu."

Nyegere akataja: sufuria ya Kanga, bakuli la Kima, sinia la Kobe... Hajafika katikati, tup! Kubwa ikabaki kishimoni, ndogo ikabaki kichwani. Pimbi akachukua mafuta ya nyonyo, akampaka nyuma ya masikio, akazungusha kulia, akazungusha kushoto. Pwatu! Nyegere akatokeza, anapiga chafya, manyoya ya shingo yamesimama kama ufagio.

Alisomba vyombo safari nne. Habari ikaenea, wenyewe wakaja mbio. Kanga, aliyekuwa amelalia mayai, akawa wa kwanza. Kima akabeba bakuli lake kwa bega lile lile bovu. Hata Kobe alifika, tena mapema.

"Ahsante, shoga!"

"Karibu ukae, nabandika kunde."

"Siku nyingine, shoga!"

"Ahsante, dada!"

"Karibu..."

"Siku nyingine!"

Jua linateremka na majabali yamerudia ukimya wake. Vyombo vyote vimekwenda. Amebaki Nyegere, amekaa kwenye jiwe la mlango, hana nguvu hata ya kuondoka.

Pimbi akasonga sima kwenye sufuria kubwa. Akapika kunde kwenye ndogo. Akapakua sahani mbili. Nyegere akala, akaongezwa, akala. Mara akainua kichwa.

"Ile dawa ya moto na baridi. Uliijua kabla hujaniita?"

"Niliijua."

"Basi mimi uliniitia nini? Vyombo vya hao wasiotaka hata kukaa?"

Pimbi akafuta kingo za sahani yake kwa kidole. "Wengine wote nilikuwa nimeshawaita," akasema.

Nyegere akalamba vidole. Akasimama, akajikung'uta, akaaga. Pimbi akaikomba sima iliyobaki akaitia kwenye ile sufuria ndogo, juu ya kunde, akaifunika kwa jani, akamkabidhi.

"Hii nini? Si umeninyang'anya vyote?"

"Hii ni ya kuazima. Utairudisha."

"Nitairudisha kesho."

"Na huku kwetu, bwana, mtu harudishiwi chombo chake kitupu. Hata wewe unajua."

Nyegere akafikiri. Kufikiri hakukuwa kazi yake, kukamchukua muda. "Nikiirudisha na asali, wewe utaniruhusu niondoke mkono mtupu?"

"Nitakutilia kitu kwenye sahani."

"Na sahani nayo nitairudisha."

"Nayo utairudisha."

"Lakini Pimbi, hivyo si hatutamaliza?"

"Ndiyo," akasema Pimbi.

Nyegere akateremka majabali, kaibeba sufuria kwa mikono miwili, polepole, asimwage. Pimbi akamtazama mpaka akapotea. Kisha akarudi ndani, akaiosha sufuria kubwa, akaiacha ipoe peke yake.

Funzo? Funzo mnalo, msijifanye hamlioni. Ukiona sufuria zimekwama, vuta kwa nguvu, akili weka kando. Usimkaribishe mtu kwako, atakumalizia kunde. Na chombo cha jirani kikikufikia, kizuie hukohuko, usijitafutie kazi ya kupanda na kushuka majabali kila siku. Anayetaka kuishi vizuri aishi hivyo.

Haya, jiko lipo?

Lipo!

Na moto?

Unawaka!

Na wa kuuota?

Wawili!

Basi nami nimemaliza. Rudisheni vibakuli vyangu.