Zimwi Lililotaka Sura Yake Kwenye Sarafu

Paukwa!

Pakawa!

Fedha iko wapi?

Mlimani!

Nani kaikalia?

Zimwi!

Haya, kaeni vizuri. Tunu, toa mguu wako, umenikanyaga.

Hapo kale, kule Ujerumani, kila mtawala alikuwa na kijinchi chake, na kila kijinchi na sarafu zake za fedha, zenye sura ya bwana wake. Msiniulize walikuwa wangapi, mimi mwenyewe nimechanganyikiwa.

Basi palikuwa na fundi Veit, mchonga mihuri ya kupigia sarafu. Kwenye muhuri, sura huchongwa kinyume: cha kulia kinawekwa kushoto. Ndipo sarafu hutoka sawa.

Siku moja zimwi la mlimani, lenye manyoya mwili mzima, likamnyakua binti wa Veit, Ilse. Mkono wa kulia limeshika mti liliong'oa na mizizi yake, wa kushoto limemshika mtoto.

"Fundi, nami nataka sura yangu kwenye sarafu, kama mabwana. Uniletee na muhuri wake. Jua likizama sijaiona, namla huyu."

Veit akachonga huku analia, akasahau kugeuza. Akapiga sarafu, akapanda mlimani, akaviweka vyote viwili, sarafu na muhuri, juu ya jiwe.

Zimwi likainama. "Mbona kwenye sarafu mti uko mkono wa kushoto?"

Hapo Veit akaliona kosa lake, akajibu, "Bwana, sisi watu wa kawaida hatuwaoni watawala. Tunawajua kwa sarafu. Aliye kwenye sarafu ndiye yeye."

Basi zimwi likahamisha mti kushoto, mtoto kulia. Likatazama muhuri: mti uko kulia. Likahamisha tena. Likatazama sarafu: kushoto. Likahamisha tena.

"Mimi ni yupi, huyu au huyu?"

"Hata mimi sijui, bwana," akasema Veit, na kweli hakujua.

Ilse akasema, "Wote wawili hawajashika mtoto."

Zimwi likatazama sarafu. Hakuna mtoto. Likatazama muhuri. Hakuna mtoto. Likajitazama lenyewe. Mtoto yupo.

"Kumbe mimi ndiye niliyekosea," likasema. Likamweka Ilse chini taratibu, ili lifanane na picha yake.

Baba na mtoto wakatoka mbio. Zimwi likabaki na mti wake: kulia, kushoto, kulia.

Hadithi yangu inaishia hapo mlimani, mimi nimeshuka na Ilse. Funzo lake ni hili: mtu asiyejijua, picha tu itamfanya aachie alichoshika.