Kamba ya Kisima Kilichonuka

Zibeni pua, masikio yaacheni wazi. Hadithi hii inanuka, na mimi si wa kuipaka uturi.

Kijijini Magombani walikuwapo watu watatu. Semboja alijua kutia turubai dawa hadi mvua ikateleza juu yake. Salha wa maabara alijua kulea bakteria, vijidudu wasioonekana kwa macho. Na Mwasiti alijua kupika togwa. Harusi haikupita bila mtungi wake wa udongo, aliourithi kwa mama yake.

Semboja alisuuza mapipa yake ya dawa na kumwaga kwenye mfereji uleule, mwaka nenda mwaka rudi. Sumu ikapenya hadi kisimani. Ptu! Maji yakatoa povu bila sabuni, yakanuka rangi na vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo. Mwasiti akapikia togwa, bibi harusi akatapika mbele ya wakwe. Tangu hapo hakuna aliyemwagiza tena.

Salha akaja, akachimba tope la kila mfereji. Bakteria aliowatafuta akawapata kwenye mfereji wa Semboja peke yake.

"Bakteria wa hapa wameizoea sumu mpaka wanaila," akasema. "Kundi moja linabandua florini, chembe za sumu hiyo zilizong'ang'ania kama kupe. Jingine linavunja pete."

Lo! Wanawake wakavua pete zao haraka, wakazifunga kwenye pindo za khanga.

"Si za vidoleni, jamani!" Salha akacheka. "Kemikali yenyewe ndiyo yenye umbo la pete."

Kila kundi likiwa peke yake lilishindwa. Salha akajaribu, wakafa. Akajaribu tena, wakafa. Mpaka akajua namna ya kuwaweka pamoja, hawa waanze, wale wamalizie. Ila walitaka joto la jikoni na chombo cha udongo. "Atakayetoa mtungi," akasema, "asiupikie tena maishani."

Mwasiti alikuwa na mmoja tu. Akaumiminia lile tope jeusi lenye utelezi, akatapika mpaka nyongo. Miezi mizima alilikoroga kwa mwiko wa mama yake, na kila harufu ilipompanda puani alilia, kwa kinyaa na kwa mtungi wake.

Tope likatiwa kisimani. Povu likaisha, uvundo ukaisha. Salha akapima, akapima tena, akasema sasa maji yananyweka.

Basi, mila ya Magombani ni hii: kisima kikifa, aliyekifufua hushika kamba. Yeye ndiye huamua nani achote na nani afukuzwe. Mwasiti aliitaka ili asimwagiwe sumu tena. Salha aliitaka apate kuwapelekea wengine lile tope, maana visima vinavyonuka ni vingi.

Na nani mwingine kajitokeza kuidai? Semboja! Tumbo mbele, hata aibu hana.

"Wadudu ni wangu," akasema. "Mimi ndiye niliyewalisha sumu mpaka wakaizoea. Bila mimi mngewapata wapi?"

"Huna haya, we mwanamume!" Mwasiti akamaka. "Umejisaidia kisimani, sasa unadai shukrani ya mbolea?"

Wazee wakamgeukia Salha. Naye hakuweza kusema uongo. "Bila mfereji wake, bakteria hawa wasingekuwapo. Bila mimi, wasingefanya kazi. Bila mtungi wa Bi Mwasiti, wangekufa wote."

Wazee wakakuna ndevu. Kamba ingali inaning'inia kwenye kigingi, na kwa mila hachoti mtu mpaka ishikwe. Watoto wamekaa na ndoo tupu, wanayatazama maji safi.

Haya, nyie mliokunja nyuso. Atakayesema Semboja asogee hapa mbele, nimpakulie togwa ndani ya mtungi ule. Atakayesema si Semboja, aniambie wadudu wangetoka wapi. Kamba mngempa nani?