Nusu ya Aya

Mtu mmoja alikuwa na mke, na mke huyo alifariki akimzaa mtoto wao wa kwanza. Mtu huyo, Mwakisha, alikuwa msomaji wa zamu kanisani, na Maandiko aliyajua. Akamkumbuka Raheli, ambaye roho ilipokuwa ikimtoka alimwita mwanawe Benoni, yaani mwana wa uchungu wangu. Siku ya ubatizo akalitaja jina hilo. Mchungaji akaweka kalamu chini, akamwomba aisome aya ile mpaka mwisho, pale baba alipomwita mtoto Benyamini, mwana wa mkono wa kuume. Mwakisha akajibu kwamba baba yule alikuwa na wana wengine kumi na mmoja wa kumfuta machozi. Jina likaandikwa.

Shemeji yake, dada wa marehemu, alimwambia kwamba mtoto hakumuua mtu. Majirani wakatania kuwa bora angemwita Matanga, watu wasisumbuke na Kiebrania.

Mtoto akakua. Kila alipoitwa alikuja upesi, na kila alipokuja baba alimwona aliyekufa. Hakumpiga wala hakumnyima chakula. Alimwita tu. Benoni akachimba matuta ya mteremkoni, akaezeka nyumba, na mwaka ule aliotaka kuoa, baba akaanguka na mkono wake wa kuume ukapooza. Posa ikaachwa. Tangu hapo Benoni ndiye aliyemvika shati, akamkatia nyama, akamfunulia Biblia.

Asubuhi moja, mwanawe akimfunga vifungo, mzee aliitazama mikono ile ikifanya kazi ya mkono wake. Nusu ya aya aliyoiacha kwa miaka thelathini ikamjia. Akangoja mpaka Benoni alipokwenda mlangoni kumwaga maji ya kunawa, ndipo akaita, kwa upole ambao nyumba ile haikuwahi kuusikia: Benyamini.

Mwanawe hakugeuka. Alichungulia nje, akaitazama njia juu na chini, kisha akarudi ndani na beseni tupu.

“Sioni mtu, baba. Ulikuwa ukimwita nani?”

Mzee akafumbua kinywa amweleze, na jina lililomtoka likawa lile la siku zote. Benoni akaja upesi.

Nanyi mliopewa kuwaita wengine, aya yenu mmeisoma mpaka wapi?