Daftari la Maji Mafu

Hapo zamani, si ile ya mababu bali hii ya juzijuzi, wanawake wa kijiji cha Mchangamle walilima mwani, na mwani wao ukaanza kuoza. Akaja mtafiti, binti aitwaye Nadhira, kuwatafutia ghuba yenye maji ya baridi. Akaichagua moja ya kuijaribu, akamkabidhi Bi Kazija, mmoja wa wakulima hao, kipimajoto na daftari.

"Mama, pima kila siku. Usiruke hata moja."

Siku za bamvua, bahari ikikupwa mbali, Kazija alikwenda na wenzake, akapima, akaandika. Yakaja maji mafu, siku ambazo bahari haikupwi vya kutosha na mkulima wa mwani hukaa nyumbani kusokota kamba. Nani aende baharini siku hizo? Lakini kumrudishia mgeni daftari lenye mapengo aliona haya. Akajaza tarakimu za bamvua. Maji si ni yale yale?

Wapi! Siku za maji mafu ghuba ile ilitulia tuli, ikapata moto. Jirani yake, Bi Mashavu, alilijua hilo, maana siku hizo alifukia makumbi ya nazi ufukweni yaoze apate nyuzi za kamba, na maji yakamchoma miguu. Alimwona pia Kazija akijaza daftari barazani. Akanyamaza.

Basi Nadhira akalisoma daftari, akasema ghuba ile inafaa, na wote wakahamia huko. Maji mafu ya kwanza, mwani ukapauka. Ya pili, ukakatika vipande vipande. Haikubaki hata mbegu.

Kijiji jirani kikaleta neno: "Mbegu tunazo, lakini tutazitoa bamvua hii tu, siku tatu. Aje kuzichukua mwenye kosa, mmoja, atuambie hadharani alikosea wapi, nasi tusije tukaangamia hivyo hivyo."

Wanawake wa Mchangamle, kwa hasira, wakaongeza lao: atakayekwenda hatashika tena kazi ya mwani, iwe kwa kamba au kwa kalamu.

Kazija hakulala. Hana mume, hana mnazi. Ana mwani tu.

"Nimeandika uongo," akasema asubuhi mbele ya wanawake wote na Nadhira. "Lakini wallahi sikujua kama siku za kukaa nyumbani nazo zina joto lake."

"Mimi nilijua," akasema Mashavu. "Lakini nimuumbue shoga yangu mbele ya mgeni? Mngeniitaje?"

Nadhira akainamisha kichwa. "Niliona tarakimu zimefanana mno, nikatia shaka. Wakubwa wangu walikuwa wananikimbiza na ripoti, nikatia saini. Lakini hayo maji mafu hakuna aliyenieleza."

"Hukuuliza, mwanangu," akajibu Kazija.

Ikapita siku ya kwanza. Ikapita ya pili, kila mmoja akimtazama mwenzake. Leo ni ya tatu. Kazija amesimama mlangoni, buibui mkononi. Akivuka kizingiti, maisha yake yamekwisha. Asipovuka, kijiji kizima hakina mbegu.

Haya, msinikodolee macho mimi. Maji yanaanza kujaa. Je, katika hao watatu, nani anastahili kwenda?